Utepe

Miaka ishirini na sita nimeushika utepe huu
hapa Kibirizi, chumba cha kliniki, karibu na dirisha:
kijani, njano, nyekundu.
Nauzungusha kwenye mikono ya watoto wa watu
na kidole changu husoma kabla ya jicho.
Mkono ulioshiba husukuma,
mkono wenye njaa hukubali.

Waliletwa pacha, Bukuru na Butoyi.
Bukuru kijani. Butoyi nyekundu.
Mama yao akasema, huyu mdogo ni mpole,
halii, hasumbui, namshukuru Mungu.
Sikujua nimwambieje
kwamba mtoto aliyeacha kulia hajatulia,
ameishiwa.
Surua ikapita mtaani mwezi ule.
Ilimgusa Bukuru, ikamwachia vipele.
Ilimgusa Butoyi, ikaondoka naye.

Hamenya alikuwa hapigwi utepe tena, yuko darasa la pili.
Huyo anang'ata. Anapindua madawati.
Wakasema ana kichwa kibovu, wakasema ni mambo ya ukoo.
Mwalimu Bidyanguze hakusema kitu,
akafungua daftari akaandika saa za ugomvi:
saa nne kasorobo. Saa nne na robo. Saa nne na nusu.
Siku zilizokuwa na uji,
ukurasa mweupe.
Tulikuwa tunamtafutia shetani wake jina
na jina lake ni tumbo.

Na dagaa tunao! Wanaanikwa pale chini,
mchanga mzima unang'aa kama sarafu zilizomwagika,
kisha wanafungwa magunia, wanapanda treni
kwenda kwa wenye bei.
Sisi tunabakiwa na harufu.
Harufu haijengi mfupa.

Haya nayajua. Nimeyafundisha kwa picha ukutani,
fimbo mkononi, kama mwalimu wa madrasa.
Na nyumbani nina mama.

Stamili binti Kabobwe, aliyewahi kubeba
debe la mawese kutoka Mwandiga bila kulitua,
mwaka huu aliniita mwizi.
Nimemwibia kanga. Nimemwibia pete ya ndoa
ambayo iko kidoleni mwake, inazunguka, inataka kudondoka.
Chai alinimwagia.
Jirani akashauri tumpeleke Ujiji, asomewe.
Goti lake lilichubuka Mfungo Tatu,
hadi Mfungo Sita halijafunga.
Kikohozi kinaaga, kinarudi, kama mtu anayedai.

Kila asubuhi namwachia sahani, nimeifunika:
ugali wa muhogo, sombe, kipande cha mgebuka.
Kila jioni sahani tupu.
Nani anauliza sahani tupu?

Jumapili moja namwogesha,
utepe umo mfukoni, nimesahau kuuacha kazini.
Sijui ni nini kilinituma.
Utepe huu ni wa watoto, kwa mtu mzima hauna hukumu,
lakini kidole kilikuwa kimeshasoma:
mkono wa mama yangu ulikubali.

Nikamuuliza, samaki unampa nani?
Akaangalia mlango.
Watoto wa jirani, akasema. Miiba inanishinda, meno sina.
Wao wanakua. Mimi nakua kwenda wapi?

Nikatwanga dagaa mpaka wakawa unga,
nikakoroga kwenye uji, mawese juu, jekundu,
kijiko, subiri, kijiko, subiri,
kama nilivyowaonyesha akina mama elfu
nikidhani nawafundisha wao.

Sisemi chakula kinafuta uzee.
Ziko usiku ananiita kwa jina la dada yake
aliyezikwa kabla sijazaliwa, nami naitika.
Lakini goti limeota ngozi changa kando kando,
pete imetulia kidogo,
na juzi alinigombeza tena, kijiko hewani, jicho kali:

Mtoto wewe, Uvinza iko pale,
uji huu hauna chumvi.

Nikaonja.
Kweli, haukuwa nayo.